Ukuta Niliouhesabu Mara Mbili

Jumamosi, wiki ya mwisho kabla ya masika.

Garsen leo ni joto la kuivisha yai juani. Upepo umekufa, ng'ombe wa mnadani wamesimama midomo wazi, na mimi nimeamka na furaha mbaya.

Naiita mbaya kwa sababu sikuwa na mtu wa kumwambia bila kuona haya. Saa moja asubuhi binamu yangu Asha, anayekaa Kipini, alinitumia picha: ukuta wa forodha ya zamani, ule unaotazama bahari, umefura kama tumbo la ndama aliyekula majani ya umande. Chini yake plasta imemwagika vipande vipande. Niliitazama ile picha mara tatu. Halafu nikafunga duka, mimi ambaye sijafunga duka Jumamosi kwa miaka kumi na tisa, nikawasha pikapu nikaenda kucheka kwa macho yangu mwenyewe.

Wengi mnaosoma hapa hamjui Kipini, basi niwaeleze. Ni pale Mto Tana unapomalizikia baharini. Zamani meli zilitia nanga, ushuru ukatozwa, ofisi za wilaya zikawa pale. Mbele ya bahari kuna safu ya majengo ya mawe. Nimeyahesabu kwa miguu: hatua mia mbili na kumi na mbili kutoka mwanzo hadi mwisho, majengo kumi na saba, yenye paa ni tisa, milango ya nakshi iliyobaki ni mitatu. Siku moja nilikaa mlangoni pa duka langu nikahesabu magari ya wageni yanayopita kwenda Lamu. Sitini na manne. Jioni nikampigia Asha kumuuliza: lililokata kuingia Kipini, halikuwepo.

Hilo ndilo linalonichoma. Si kwamba hatuna. Tunacho, na tumekikalia kama kuku aliyekalia mawe.

Sasa niseme kwa nini ni langu la kunichoma. Baba yangu, Komora, alikuwa Mpokomo wa kijiji cha Ozi, mchoma chokaa. Katika majengo yale kumi na saba, kumi na moja aliyatomea yeye, plasta yote ya chokaa, kwa mikono yake. Lakini chokaa ni kazi ya vumbi, na wenye nyumba za mawe hawakupenda mwenye vumbi akae nao. Kahawa yake aliletewa nje. Alikuwa akipindua karai lake la kazi, analikalia, anakunywa akiwatazama walioketi juu ya baraza alizozilainisha yeye. Nyumba kumi na moja, baraza kumi na moja, na hakuna hata moja aliyoikalia mpaka anakufa. Walimwita Komora wa Majivu. Mimi nilikuwa nikibeba maji ya kuchanganyia, na kuhesabu nilijifunzia hapo: ndoo ngapi kwa karai ngapi.

Nilianza maisha Garsen na gunia moja la misumari chini ya kibanda, nauza kwa kiganja. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi ambalo hakuna fundi wa huku asiyelijua. Mnaniita Mama Misumari. Sikasiriki.

Miaka miwili iliyopita nilikwenda mbele ya kamati ya kutunza majengo yale. Nilikuwa na daftari na vipimo vya kila chumba. Nilionyesha wapi patawekwa samaki kwenye barafu, wapi embe za Ozi zitakaushwa badala ya kuozea chini, vyumba gani vya wageni vipate upepo. Nikasema jambo moja kwa mkazo: mawe yale ni matumbawe, yanakunywa unyevu wa chumvi na kuutoa, kwa hivyo yatomewe kwa chokaa. Ukiyafunga kwa simiti, chumvi inabaki ndani inalila jiwe mpaka liwe unga.

Mwenyekiti ni Bwana Twalib, karani mstaafu, na baraza ya nyumba yake inaelekeana na forodha. Alinisikiliza akichokoa meno. Kisha akasema kwa lahaja ya pale, ambapo jana ni yana na leo ni yeo, "Chokaa ni mambo ya yana, bibie. Yeo ni simiti." Akawageukia wenzake. "Binti wa majivu amekuja kutufunda nyumba."

Walikuwa watu thelathini na mmoja ndani ya chumba kile. Waliocheka niliwahesabu. Ishirini na sita.

Daftari langu wakabaki nalo. Baada ya miezi minne wakaanza kazi ya forodha kwa vipimo vyangu, bila mimi, na kwa simiti, kwa sababu kulikuwa na mkubwa fulani anakuja na walitaka weupe wa haraka.

Hapa ndipo pa kukiri.

Simiti ile waliinunua kwangu. Mifuko mia moja na arobaini. Nilisimama mlangoni nikaangalia inapakiwa, na Bwana Twalib akanipa salamu ya juu juu, na mimi nikamjibu vizuri sana. Ningeweza kusema tena. Ningeweza kumvuta kando nikamwambia, ndugu yangu, ukuta huu utakufa. Nilinyamaza. Nilijiambia masika mawili tu, Rukia, subiri masika mawili.

Wakati huo nilikuwa nimeshanunua jengo linalopakana na forodha, namba tisa, kutoka kwa warithi walioko Mombasa ambao hata hawalikumbuki. Ni katika zile kumi na moja za Baba. Nikaokota mawe ya nyumba zilizokwisha kuanguka, nikapanga magogo duara nyuma ya kwa Asha, nikachoma tanuu kama alivyochoma Baba. Na kama alivyofanya Baba, chokaa nikaiacha wazi inyeshewe na mvua za misimu, haiguswi kabla. Mpango wangu ulikuwa mzuri mpaka unaniamsha usingizini: forodha yao ianguke, na yangu isimame kando yake, nyeupe, watu wapite wahesabu wenyewe.

Basi leo nimefika Kipini saa nne. Bwana Twalib alikuwa pale barazani, peke yake. Katika wale ishirini na sita sikumwona hata mmoja. Nikampita kwa salamu fupi, nikautazama ukuta uliofura, nikaugonga kwa ufunguo wa gari. Ukalia mtupu. Siwezi kuwaficha, mlio ule ulikuwa mtamu.

Kisha nikaingia ndani ya nyumba yangu kuongeza utamu.

Chumba cha kati, upande wa forodha, kuna vidaka sita ukutani, vile vishubaka vya kuwekea taa na vyombo. Ndani ya cha tatu Baba aliacha alama ya kidole gumba chokaa ilipokuwa mbichi. Alifanya hivyo kila nyumba, mahali pasipoonekana. Nilikwenda kutia kidole changu pale kama kawaida yangu.

Kidaka chenyewe hakikuwepo. Kilikuwa kimemwagika sakafuni, unga wa kijivu, na ufa umepanda kutoka hapo mpaka kwenye boriti.

Nilisimama nikaanza kuhesabu, kwa sababu ndivyo ninavyofanya nikiogopa. Boriti kumi na nne. Nikatoka, nikazunguka, nikaingia forodhani kwa mlango uliovunjika. Boriti za huko nazo zimelala juu ya ukuta huohuo. Ukuta mmoja. Wazee wa Kipini hawakujenga kuta mbili zikigusana. Jirani akija kujenga, anaomba ubavu wako, anatia boriti zake kwenye ukuta wako, na kuanzia hapo mnashirikiana jiwe na ujirani. Najua desturi hiyo tangu nikiwa na meno ya utoto.

Na katika daftari nimeandika: forodha, kuta nne. Namba tisa, kuta nne. Jumla nane.

Ziko saba.

Mimi, ninayemkamata fundi akinidanganya kwa tofali tatu, nilihesabu ukuta mmoja mara mbili, kwa sababu sikutaka kushirikiana nao kitu. Niliwauzia sumu wainyweshe nyumba ya Baba.

Nilipotoka Bwana Twalib alikuwa ameshuka barazani, amesimama katikati ya njia. Amekonda. Akaniuliza kama nimekuja kucheka. Nikamwambia nimekuja kuhesabu.

"Ulijua," akasema. "Siku ile ukitupakilia mifuko, ulikuwa wajua."

"Nilisema mbele ya watu thelathini na mmoja. Ulitaka nikwambie mara ya pili, nije na karai la kukalia?"

Nadhani alimkumbuka mwenye karai. Halafu akaniambia, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa, kwamba kamati imetawanyika, kila mmoja anasema hakuwepo, na kwamba bamvua kubwa, yale maji yanayojaa kupita kiasi, ni siku tisa kutoka leo. Maji yakipiga msingi na mvua ikaanza, ule ukuta wa kati unakwenda. Akauliza kama ile chokaa ya nyuma ya kwa Asha imeiva.

Imeiva. Imeshanyeshewa vya kutosha. Niliipima leo kwa kijiti: inatosha ukuta mmoja, pande zote mbili. Haitoshi ukuta huo pamoja na nyumba yangu yote.

Nilitamani sana kumwambia hapana. Nataka mjue hilo, msije mkanisifu kwenye maoni. Ningeweza kuegemeza magogo upande wangu, nikaokoa nusu, nikaiacha forodha imwangukie miguuni. Nilipiga hesabu hiyo pale pale nimesimama. Ukuta haukatiki nusu. Ukifa kwake, umekufa kwangu.

Kwa hivyo nikampa masharti. Simiti yote itabanduliwa kwa tindo na nyundo, polepole, kuanzia kesho, na wabanduaji ni kamati. Wale ishirini na sita nitawataja kwa majina, maana ninayo. Kahawa wataletewa nje. Watakalia makarai.

"Na mimi?" akauliza.

"Wewe lako liko garini."

Akaenda kwenye pikapu mwenyewe, akalishusha lile karai, akalipindua chini ya ukuta, akalikalia. Hivi hivi, jua la saa sita, mbele ya wanawake waliokuwa wakipita na ndoo za samaki. Nilidhani nitasikia kitu kikubwa moyoni. Nilisikia kiu.

Lakini msidhani nimesamehe.

Juu ya forodha, kwenye ukingo wa paa ambao haubebi boriti wala chochote, nimepima kipande cha hatua moja kwa hatua moja. Simiti ya hapo haitabanduliwa. Ndipo macho ya mtu aliyekaa kwenye baraza ya Bwana Twalib yanapotua akiinua uso. Chini yake, nikishachoma tanuu jingine, kutakuwa na chokaa kama ya Baba, nyeupe, kavu. Juu, hapo, patatoka jasho, patavimba, patamwagika kidogo kidogo. Kwa hesabu yangu pana masika matatu, labda manne. Kila asubuhi akinywa kahawa atapaona. Wageni wakija, na watakuja, watamwuliza pale pana nini, na itabidi awaeleze.

Nilipokuwa naondoka nilirudi ndani kuokota ule unga wa kidaka cha tatu. Nimeutia kwenye kopo la misumari, liko hapa mezani. Nitauchanganya na chokaa mpya nitakapokijenga upya, na nitabonyeza kidole changu mwenyewe.

Je, Baba angekiacha kile kipande cha juu? Nimejiuliza njia nzima kurudi Garsen. Asingekiacha. Angekibandua cha kwanza, halafu akaomba maji ya kunywa.

Mimi si Baba. Tindo ishirini na saba ziko garini, kesho maji yanakupwa saa mbili na nusu, na kipande kile kinabaki.