Siti ya Zamu Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Nimekula chakula cha mchana nimesimama. Chai pia, nimesimama. Wenzangu wote wa chumba cha kufulia wamekaa kwenye benchi wanapumzisha miguu, mimi nimeegemea mashine ya kukaushia kama mlinzi wa benki. Redio – mwenzangu wa kupiga pasi, hanyamazi tangu anaingia mpaka anatoka – akaniuliza kwa sauti ya kusikika wodi zote: kwani umechomwa sindano? Nikamwambia ni siti. Siti ya baiskeli. Akacheka mpaka akaunguza foronya.

Si ya kucheka! Siti imepasuka katikati, na ule ufa unafunguka na kujifunga kila nikikanyaga pedali. Unanifinya. Tuta moja, finyo moja. Na njia yangu ya hospitali ina matuta mengi kuliko nyumba.

Jioni nikamwambia mume wangu, Baba Hakimu, pale mlangoni, namkabidhi baiskeli. Akasema yeye hafinywi. Atafinywa wapi? Mtu amenyooka kama mwiko wake wa kutolea mikate. Akapandisha siti juu, akaenda zake kazini. Kesho nitaikuta iko kifuani kwangu.

Jumatano, 5 Machi

Jana ilikuwa kifuani. Leo pia.

Mambo yetu yako hivi, niyaandike maana hata mimi mwenyewe huwa yananichanganya. Baiskeli ni moja. Yeye anaoka mikate usiku, mimi nafua mashuka ya hospitali mchana. Tulipanga makusudi, ili Hakimu asilale peke yake, wala asitoke shule akakuta mlango umefungwa. Hakimu ni binti yetu, yuko darasa la tatu, na hukumu zake hazina rufaa. Basi asubuhi baba mtu anafika, anashuka, mimi napanda. Jioni nafika, nashuka, anapanda yeye. Siku yangu ya mapumziko yeye amelala. Usiku wake wa mapumziko hata sahani hazijaoshwa, kashaanza kukoroma. Ndoa yetu yote iko pale mlangoni.

Na pale mlangoni kazi ni kugombania siti! Yeye anaipandisha, mimi naishusha. Yeye anaiinua pua, mimi naiinamisha. Halafu spana haionekani. Nani kaiweka wapi? Wewe. Mimi? Wewe! Leo ilikuwa ndani ya kiatu chake. Ndani ya kiatu, jamani, na alikuwa amekivaa. Nimechelewa kazini, nimefika nacheka peke yangu kama mwehu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa fundi. Yule wa kona, karibu na mzunguko. Watu wanamwita Daktari kwa sababu huweka sikio kwenye gurudumu kabla ya kusema lolote. Kaniuzia siti pana, springi mbili nyuma, sponji nene kama godoro. Nikaijaribu pale pale kwake. Raha! Nilitaka kusinzia.

Raha iliisha kabla sijavuka posta. Lile sponji linakumeza. Unazama, unazama, mpaka unakikuta chuma huko chini kinakungoja. Upana nao unasugua mapaja kwa ndani. Na springi zinalia! Nwii, nwii, kila nikikanyaga. Watoto wa shule wamenisindikiza mtaa mzima wakiiga. Nimejikaza kisabuni mpaka nyumbani.

Baba Hakimu alipoiona akauliza kochi lote liko wapi.

Jumapili, 9 Machi

Asubuhi Baba Hakimu kashuka kwenye baiskeli anatembea kama bata. Anasema usiku kucha alikuwa anatoa mikate amejishika kiuno. Hakimu kaizunguka siti, kaibonyeza kwa kidole, kahukumu: hii ni siti ya watu wasiokwenda popote.

Hakuna aliyepinga.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeirudisha. Daktari hakuona haya hata kidogo, kasema kosa ni langu, sikupima. Kumbe mtu ana mifupa miwili ya kukalia, na siti inatakiwa iibebe yote miwili. Ikiwa nyembamba mno, mifupa inaning'inia pembeni. Ikiwa pana mno, mapaja ndiyo yanalipa. Na ulaini si hoja, eti ulaini ni wa kukudanganya dukani. (Si angesema Ijumaa!) Akanituma: kaeni juu ya kitu laini kinachoshika alama, wewe na bwana, mniletee nipime. Udongo, akasema, au chochote.

Chochote! Nilipomwambia Baba Hakimu jioni, uso ulimng'aa. Akasema kitu laini anacho, tena cha kumwaga. Nikamwambia usithubutu. Akaondoka anapiga mluzi.

Jumanne, 11 Machi

Amethubutu.

Kaja asubuhi na trei mbili kwenye keria, kila moja ina donge la unga uliokandwa, limefunikwa nailoni. Tukaziweka sakafuni sebuleni. Yeye akakaa kwanza, taratibu, na heshima zake zote kama bwana harusi. Halafu mimi. Baridi ile! Nilipiga yowe Hakimu akatoka chumbani na mswaki mdomoni. Akamtazama baba yake, akanitazama mimi kwenye trei, akarudi ndani bila kutoa hukumu. Hiyo haijawahi kutokea.

Alama zimetoka safi kabisa. Yangu imeipita yake kwa vidole viwili. Akasema hilo alikuwa analijua siku nyingi. Nikamtupia taulo.

Nikapakia trei, nipite kwa Daktari nikitoka kazini. Kazini nikaziweka mahali salama, zisikanyagwe: juu ya kabati, pembeni ya bomba la maji moto. Mchana kutwa.

Nafunua nailoni mbele ya Daktari na wateja wake – lo! Mikate miwili! Imeumuka, imevimba, inang'aa, inataka kutoka kwenye trei. Alama hakuna, hata dalili. Mtu kazi yake ni mikate miaka yote hii, kaweka hamira! Na mimi mke wake nimeupeleka unga wa hamira kwenye joto kwa mikono yangu mwenyewe. Daktari akaiwekea sikio. Akasema, "Shemeji, kwa vipimo hivi, mimi siti ya kuwatosha sina."

Baba Hakimu nilipomsimulia alikaa chini kwenye ngazi, akacheka mpaka akafuta macho kwa aproni. Kachelewa kazini. Mimi nimeukanda unga upya, nimeupika. Hakimu kagoma kuonja.

Alhamisi, 13 Machi

Katoni. Kipande cha katoni tu! Unakiweka kwenye kiti kigumu, unakaa, unavuta magoti kifuani, mifupa inaacha vishimo. Tumefanya, kila mtu na chake.

Daktari kapima kwa rula. Yangu: ya wastani, ngumu kiasi, yenye mfereji katikati. Yake: nyembamba, ndefu. Siti moja haiwezekani, kasema, msisumbuane. Atatuwekea mbili, kila moja juu ya bomba lake, na pale kwenye fremu badala ya nati ataweka kishikio cha kufungua kwa kidole. Unachomoa hii, unachomeka ile, kwaheri.

Jumamosi, 15 Machi

Hii ndiyo siti!!

Nimepita matuta yote nimekaa. NIMEKAA. Kazini nimewahi benchi kabla ya kila mtu, nikanyoosha miguu, Redio akasema haya bibi harusi, tupishe. Unasahau kama umekalia kitu. Daktari anasema ndiyo dalili ya siti nzuri, hujui kama ipo.

Na kubadilisha ni kufumba na kufumbua. Kachora mstari wa rangi ya kucha kwenye kila bomba, kimo cha kila mtu, hakuna ubishi. Baba Hakimu kachomoa yake, nimechomeka yangu, tak. Haya. Haya. Nimefika kazini geti ndiyo kwanza linafunguliwa. Msimamizi alidhani nimelala huko huko.

Jumanne, 18 Machi

Tak. Haya. Haya.

Nimewahi tena. Mashuka mengi ya wodi ya wazazi.

Ijumaa, 21 Machi

Redio kaniuliza, shemeji yangu hajambo? Ni salamu yake ya kila siku, na kila siku nina cha kumsimulia: spana imeonekana kwenye ndoo ya unga, siti imeinuliwa pua, kasema hivi nikamjibu vile. Leo nimefungua mdomo, mtupu. Nikasema hajambo. Redio akanitazama. Akanyamaza! Hapo ndipo nilipoogopa.

Hivi kweli hajambo? Jana jioni nimeona kanyoa ndevu. Hakimu anasema alinyoa Jumatatu.

Nina hamu na mume wangu. Haya, nimeandika. Nyumba moja, kitanda kimoja, nalalia mto unaonukia mikate yake, na nina hamu naye kama mtu aliyesafiri. Kumbe ule ugomvi wa siti ndio yalikuwa mazungumzo yetu! Anainama na spana, namlaumu, ananitania, na katikati ya hapo ananiambia nani kagombana na nani bekari, mimi namwambia mgongo unaniuma, Hakimu kafeli imla. Sasa kila kitu kimelainika, hakuna cha kutuweka pale mlangoni hata kidogo. Siti haiumi. Mimi ndiye ninayeumwa.

Si nimwambie tu? Nimejaribu leo. Nikasema, Baba Hakimu, ngoja kidogo. Akasema kuna nini, mguu mmoja uko tayari kwenye pedali. Utaanzia wapi? Utamwambia mtu una hamu naye na asubuhi mmeonana? Nikasema hakuna kitu, nenda. Akaenda. Nimelia kidogo jikoni, na hata kitunguu sikuwa nacho cha kusingizia.

Jumatatu, 24 Machi

Nimedanganya.

Asubuhi nimechomeka siti yangu, nikapanda, nikakunja uso. Nikasema inaniuma. Siti bora kuliko zote nilizowahi kukalia! Baba Hakimu alikuwa keshaingia ndani, akarudi mbio. Wapi? Kushoto. Kushoto kwa mbele au kwa nyuma? Nikasema… katikati. Kile kishikio cha Daktari ni cha kupandisha na kushusha tu, kuinamisha bado kunataka spana. Nikajua sasa ataitafuta nyumba nzima. Wapi! Akaitoa mfuko wa koti. Ya nini mfukoni wiki nzima, na hakuna nati ya kukaza?

Akapiga magoti. Unga kwenye nyusi, hakujifuta. Analegeza, anakaza. Akasema, bila kuinua kichwa, kwamba mwenye bekari anamtaka awafundishe waokaji wapya, na yeye anaogopa. Tangu wiki iliyopita anaogopa! Peke yake! Eti ataongea nini mbele ya watu. Nikamwambia, wewe unayebishana na spana mpaka inajibu? Akacheka. Mvi zimeongezeka hapa juu ya sikio, zimempendeza. Akasema haya, jaribu sasa. Nikajaribu. Nikasema bado kidogo.

Nimechelewa. Msimamizi kanitolea macho. Na ayatoe!

Jumanne, 25 Machi

Asubuhi siti imeniuma upande wa kulia. Baba Hakimu kasema atawafundisha hao watu. Nimechelewa tena.

Jioni nimepita kwa Daktari kujaza upepo. Akanishika pembeni, sauti ya chini kama anatoa majibu ya vipimo. Akasema shemeji, mimi bwana wako simwelewi. Alikuja Alhamisi, siti yake inamuuma. Nikaipima, sawa. Nikaikalia mwenyewe, nikazunguka nayo mzunguko wote, sawa. Nikamwambia ndugu yangu, siti haina kasoro hata moja. Akanisihi niangalie tena, lazima kasoro iwepo, anataka kwenda kumweleza mkewe.

Nimeendesha baiskeli mpaka nyumbani bila kuona tuta hata moja. Alhamisi! Mimi nilianza kulia Ijumaa.

Nimefika sasa hivi. Yuko mlangoni amevaa koti, nimefungua mdomo niseme ukweli wote, yeye kaniwahi. Anasema siti yake inamuuma. Anasema huku anatazama viatu. Nikauliza, wapi? Akasema subiri nikuoneshe. Kachomeka yake, kapanda, kaniambia leo nishike spana mimi.

Nimemwambia ngoja, nachukua kitambaa. Sichukui kitambaa. Nimesimama jikoni naandika haya haraka haraka, Hakimu ananiuliza mama unacheka nini na bekari wanamsubiri baba. Namwona dirishani. Mguu mmoja chini, mmoja kwenye pedali. Anajisogeza kushoto. Anajisogeza kulia. Masikini, anatafuta pa kuumwa, hapaoni –