Mguu wa Mama Faida

Jumatatu, 6 Oktoba

Zamu yangu ya wiki ya kutuma neno la asubuhi imeanza. Nimeamka saa kumi na moja na nusu, nimetuma sauti ya kwanza kwenye kundi la kanisa, nimerudi kujifunika. Dakika mbili tu. Kisha Amina zikaanza kumiminika kwenye simu kutoka kila kona ya kambi ya Nakivale, hata kutoka Kabazana kwa wale wapya wanaongoja viwanja, na kutoka Mbarara mjini. Mama mmoja ameandika kwamba sauti yangu inaonyesha nimetoka kwenye magoti. Nilikuwa chini ya blanketi.

Naiandika hapa siri yangu kwa sababu daftari halina mdomo. Sheria ya Pasta Elisha ni kwamba neno la asubuhi liwe la asubuhi hiyo hiyo. Upige magoti, upewe, urekodi, utume. Neno lililolala hataki kulisikia. Mimi nilirekodi yote saba siku moja, Jumapili ya pili ya Septemba, huku nachagua mbegu za maharage kwenye ungo. Nina shamba, nina dagaa wa kuuza sokoni. Mwaka wa pili huu nafanya hivyo, na hakuna aliyewahi kusema neno langu limelala.

Dagaa leo hawakutoka. Mvua.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimetuma la pili. Lile la zaburi, Mungu anavyolinda mifupa ya mtu wake, hata mmoja usivunjike. Nikaenda zangu sokoni.

Saa nne Mama Faida ametuma sauti kutoka hospitali ya Mbarara. Analia, anasema Mungu amemjibu waziwazi. Hakueleza amejibiwa nini. Yuko huko wiki ya pili sasa, kidonda cha mguu na sukari. Tumekua kijiji kimoja Fizi, huko Kongo, tumekimbia vita siku ile ile, viwanja vyetu hapa vinapakana. Nikafurahi. Nikasema nikifunga meza nitampigia. Nilisahau.

Jumatano, 8 Oktoba

Faida amepiga simu kabla sijanawa uso. Binti huyu si wa kulia hovyo, ndiyo maana niliogopa.

Kumbe jana asubuhi madaktari walikuwa wameleta karatasi. Mguu ukatwe chini ya goti, la sivyo sumu itapanda. Mama yake alikuwa amekubali. Alikuwa ameshika kalamu. Akakumbuka simu, akasema ngoja kwanza nisikie neno la leo. Akasikia sauti yangu na mifupa yangu. Akaweka kalamu chini. Sasa hataki hata kuiona hiyo karatasi.

"Tantini, umwambie. Weye tu ndio anakusikiaka."

Nimwambie nini mimi, shangazi wa kuitwa tu? Maji ya kunawa yakapoa.

Mchana kundi zima limejaa vigelegele. Wametangaza mfungo wa siku tatu kwa ajili ya mguu. Pasta amenipigia mwenyewe, kaniambia Mungu amenitumia. Nikasema Amina. Kwa nini nilisema Amina? Mdomo wangu umezoea kujibu kabla yangu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikutuma neno. Nilisikiliza kwanza lile la leo, ni juu ya Lazaro kutoka kaburini. Nikazima simu. Walipouliza nikasema bando limeisha. Halikuisha.

Nimeiwasha tena ile sauti ya mifupa. Maharage yanasikika yakidondoka kwenye bakuli. Mbwa wa jirani anabweka. Siku ile Mama Faida alikuwa mzima, alikuwa na kamkwaruzo tu kidoleni na alinicheka kwa kupanda bila kupima mistari. Sasa nashindwa. Kama Mungu alijua tangu Septemba, basi kurekodi mapema si kosa. Kama hakuniambia kitu, basi aliyeongea ni mimi, na nilichagua zaburi ile kwa sababu Biblia ilikuwa imefunguka hapo. Nilikuwa na haraka. Nakumbuka kabisa kwamba nilikuwa na haraka.

Jioni nilimpitia Pasta. Nikamuuliza, kama swali la hivihivi, neno lililowekwa akiba linaweza kuwa la Mungu? Akacheka. Akasema Biblia nzima si imewekwa akiba? Kisha akaacha kucheka. "Juu ya nini unauliza, Mama Ombeni?" Nikasema basi tu.

Nimetoka kwake nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimekwenda Mbarara. Pale Masha, njiani, ng'ombe walifunga barabara, dereva akazima gari, nikapata muda wa kupanga maneno. Nilipofika wodini yote yalikuwa yamepotea.

Mguu unanuka. Naandika hivyo kwa sababu pale hakuna anayesema. Vidole viwili vimekuwa vyeusi. Na yeye anafunga! Mwenye sukari, anafunga pamoja na kundi. Nesi amenikamata mlangoni kana kwamba ni mimi niliyeficha sahani, akaniita mama kwa lugha ya huku.

"Nyabo, wewe ndugu yake? Huyu hapana kula tangu jana. Nyinyi watu ya kanisa nataka yeye kufa?"

Nilimwambia nesi ndiyo, mimi ni ndugu.

Nikaketi kitandani, nikaungama. Nikamwambia Mama Faida kwamba sikupiga magoti, sikupewa kitu, nilirekodi Septemba nikichagua mbegu. Nilitegemea atanitukana. Nilitamani anitukane. Alinishika mikono yote miwili, macho yanang'aa.

"Unaona? Mbele nigonjwe, Mungu alishatayarisha! Dada yangu, weye mwenyewe haujuake vile anakutumia."

Nimekuja kuuzima moto, nimeumwagia mafuta ya taa. Faida akamletea mama yake uji. Uji alikunywa, angalau hilo. Nesi alisimama pale mpaka kikombe kikaisha.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nililala kwa Faida, kwenye mkeka wake uani pa hospitali. Asubuhi daktari amepita. Amesema zimebaki siku, si wiki.

Nikarudi kitandani kwa Mama Faida. Sikuketi safari hii. Nikamwambia: Mungu hajaniambia kitu juu ya mguu wako. Mimi ndiye ninayekuambia. Wakate.

Akauliza kama nimemwacha Mungu. Nikasema sijui. Akasema nina wivu, eti kwa sababu muujiza ni wake na si wangu. Hapo nikashikwa na hasira, hasira ya kweli, ya mtu aliyetembea naye siku tisa za kukimbia na kumbeba Faida mgongoni kwa zamu.

"Basi kufa na mifupa yako yote!"

Wodi nzima ilisikia. Alijigeuza ukutani. Akamwambia Faida anitoe.

Nimerudi Nakivale. Sijala. Nimesema jambo baya na nusu yake niliimaanisha.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani. Walipoita shuhuda nilisimama. Wakapiga makofi kabla sijafungua mdomo, wakidhani naleta habari za muujiza. Nikasema yote. Ungo, mbegu, bando la uongo, blanketi. Nikasema mguu unanuka na vidole ni vyeusi na mfungo wetu umekaribia kumuua.

Hakuna aliyesema Amina.

Mama aliyeandika juu ya magoti yangu alisogeza kiti chake. Mwingine akasema nimemnyang'anya mgonjwa imani yake, na mgonjwa bila imani amebaki na nini. Swali zuri. Pasta akasema nipumzike zamu mpaka kanisa likae kikao. Nimekubali. Kusema kweli niliona nafuu, halafu nikaona aibu kwa ile nafuu.

Nilipofika nyumbani nilifuta sauti zote zilizobaki. Nikajuta. Labda mojawapo ilikuwa na kitu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Asubuhi kundi kimya. Hakuna neno. Jua limetoka bila neno, na safari hii hakuna aliyeuliza.

Saa mbili Pasta, mwenye zamu leo, ametuma sauti. Fupi. Anapumua kwanza, kama mtu aliyepanda mlima.

"Mama Faida, ni miye Pasta. Leo sina neno. Nilitangaza mufungo bila kukuuliza, na ile ni kosa yangu. Tunakutaka hapa. Na muguu moja, tunakutaka."

Hakuna kifungu. Pasta, ambaye hata akiomba chumvi anataja kifungu! Wakamfuata wengine, mmoja mmoja. Yule mama wa kiti amesema atamchotea maji. Wa Kabazana, ambao hawajawahi kumwona, wamesema wanamngoja. Nilisikiliza zote nikiwa nimekaa juu ya gunia la dagaa, wateja wakaniacha.

Sasa hii ni imani au ni kukata tamaa? Pasta mwenyewe nilipokutana naye bombani hakujua. Alisema usiku hakulala vizuri.

Mimi sikutuma sauti. Yangu ameisikia ya kutosha.

Jumanne, 14 Oktoba

Amekubali! Faida amenipigia, karatasi imetiwa saini, wanamkata kesho. Nimepiga kelele sokoni mpaka mwenzangu wa meza akadhani nimefiwa.

Nikamuuliza Faida, ni sauti ya nani iliyomgeuza? Ya Pasta? Faida hakuelewa ninachouliza. Simu ya mama yake imezimika tangu Jumamosi, chaja imeharibika. Hajasikia sauti hata moja. Basi ni maneno yangu mabaya? Faida anasema hajanitaja. Nesi? Nesi hakuwepo. Aliamka tu, akanywa uji, akasema leta ile karatasi.

Nimemuuliza mara mbili. Leta ile karatasi, basi.

Kwa hiyo tumebishana wote, tumefunga, tumefungua, tumeungama, tumelia, na yeye ameamua peke yake na sababu yake hatuijui. Pasta anataka kuitangaza kama jibu la maombi. Nimemwambia atangaze. Naweza kumkatalia kwa kipi?

Alhamisi, 16 Oktoba

Yuko hai. Wamekata jana.

Nilidhani mambo yameisha. Leo asubuhi Faida anasema hospitali inauliza: mguu mnauchukua, au tuuchome? Mama Faida alipozinduka, neno la kwanza ni kwamba mguu wake hauchomwi kama takataka. Uzikwe kiwanjani kwake. Faida hawezi kumwacha. Kwa hiyo ni nani wa kwenda kuuleta? Mimi.

Nilipofika alikuwa amelala usingizi wa dawa. Nilimtazama kutoka mlangoni. Shuka limeinuka upande mmoja, upande wa pili limelala chini. Sikusogea karibu. Nikapewa kilichofungwa vizuri, ndani ya boksi la sabuni. Kizito kuliko nilivyofikiri. Nilikipakata. Tulipofika Kabingo, njiani, jirani yangu kwenye gari akaniuliza kama nimebeba kuku, nikasema hapana, ni ndugu. Hakuuliza tena.

Ijumaa, 17 Oktoba

Tumeuzika asubuhi, nyuma ya nyumba yake, pembeni mwa shamba la maharage. Tulikuwa tisa. Sikutegemea hata watatu.

Pasta alivaa koti. Alifungua Biblia, akaifunga, akaninong'oneza, "Tusome nini?" Hajui kama mguu unaombewa. Ukisema pumzika kwa amani, mwenyewe yuko Mbarara anakunywa uji. Yule mama wa kiti akapendekeza wimbo wa harusi, eti angalau si wa msiba. Mmoja akaanza kucheka, akajizuia, kisha tukacheka wote, Pasta naye, boksi likiwa katikati yetu.

Faida akapiga simu. Mama yake anataka kusikia. Pasta akaweka sauti kubwa, akaishikilia simu juu ya shimo. Sauti ya Mama Faida ilikuwa nyembamba.

"Mama Ombeni iko pale?"

Nikasema niko. Tangu siku ile ya ukutani hatujaongea.

"Useme weye."

Sikuwa na kifungu. Sikuwa nimejiandaa, sikuwa nimerekodi. Niliangalia boksi na kitu pekee kilichonijia nilikisema.

"Muguu, aksanti. Ulimutoa Fizi, ukamufikisha huku. Na siku ile mutoni, ndio weye ulikanyaga jiwe ya kwanza, miye nikafuata."

Nikasikia anavuta kamasi.

"Aksanti," alisema. Mimi au mguu, sijui. Halafu: "Shimo ni ya urefu gani? Imbwa bataifukula."

Tukaongeza mawe. Pasta aliyabeba na koti lake. Mama Faida akauliza yako mangapi, tukamhesabia, akaridhika. Akauliza ni nani anayepalilia maharage yake. Nikasema mimi. Haikuwa kweli, magugu yalikuwa yamefika magotini. Akasema sawa, akakata simu alale.

Sikupata kumuuliza kama amenisamehe. Wenzangu walipoondoka nilichukua jembe, nikapalilia kwake mpaka mvua iliponifukuza.