Mkono wa Bwana Taa

4 Februari

Chiriku wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na zile oveni za kiwandani hazijakukausha ukabaki mkate. Mimi sijambo, isipokuwa magoti, na hayo nimeshayazoea kama majirani wakorofi. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba hii unaijua: nikinong'ona jikoni, baba yako anasikia chumbani. Na habari zenyewe ni zake.

Mikono bado haijapanda. Tangu siku ile lori la mchanga lilipokatika breki pale njia panda anapoongozea magari, anaiacha inaning'inia tu. Mkono mmoja alikuwa ameuinua kulisimamisha lori, wa pili anamwashiria yule mzee avuke. Lori halikusimama, mzee wa watu akafa. Wakuu wake wamesema hana kosa, uchunguzi umesema hana kosa, lakini asubuhi yake aliamka hawezi kuinua mkono hata kuvaa shati. Picha zimepigwa: mifupa mizima, mishipa mizima. Nimefumua mabega ya mashati yake yote na kuyatia vifungo, ndipo ninaweza kumvisha. Mimi niliyemvisha akiwa mtoto!

Sasa daktari anasema ni majonzi, na unajua ameandika tiba gani? Kucheza. Ndiyo, kucheza muziki! Kuna ukumbi nyuma ya hospitali, watu waliofikwa na makubwa wanakusanywa humo, wanapigiwa ngoma, wanatingishika. Majirani nimewaambia anakwenda kunyooshwa mabega. Askari mzima, mwanangu, na heshima zake.

Nikimkataza atakubali. Siku hizi anakubali kila kitu, na hilo ndilo linaloniogopesha. Niambie nifanyeje.

Shangazi yako

19 Februari

Shikamoo Shangazi,

Mimi mzima, kazi zinakwenda. Magoti yako yape pole.

Mwache Baba akacheze. Kama ni aibu, nipe mimi niibebe huku, ambako hakuna anayenijua. Unakumbuka ulivyokuwa ukitoka jikoni na sufuria la moto? Baba alisimama koridoni, mkono juu, anatusimamisha watoto wote mpaka upite, kisha anatupungia mmoja mmoja kama magari. Madereva hawakumwita Bwana Taa bure. Njia panda ile haijawahi kuwa na taa nyingine. Shangazi, mimi nautaka ule mkono. Sijali utarudishwa na sindano au na ngoma.

Nilimwomba msimamizi ruhusa nije. Anasema nikiondoka kabla ya Agosti, nisirudi. Kila nikikanda unga, moyoni nafungasha mizigo. Niandikie ukweli, usinipake mafuta.

Mwanao, Chiriku

11 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba. Twashukuru tu wazima. Ukweli umeutaka mwenyewe, haya.

Nilimpeleka. Nikakaa nje kwenye benchi na kazi yangu ya kushona, nachungulia dirishani. Mwalimu ni binti mdogo, hana viatu, anawaambia watu wazima wawe upepo. Upepo! Kuna mama mmoja aliyepoteza mapacha, anacheza amefumba macho. Kuna karani anayeruka mlango ukibamizwa, maana benki yao ilivamiwa na majambazi. Wote wanayumbayumba, na baba yako amesimama ukutani kama koti lililosahauliwa. Hakuna aliyemsogelea. Nilishikwa na uchungu hadi nikajichoma sindano.

Nikaingia, nikamshika kiwiko, nikamrudisha nyumbani. Wiki iliyofuata sikumpeleka. Nilimkanda mabega kwa maji ya moto mwenyewe. Usinikasirikie. Hukumwona pale ukutani.

Shangazi yako

24 Machi

Shikamoo Shangazi, ingawa leo naitoa kwa kuuma meno.

Afya yangu nzuri, ila nimekasirika. Ulimwona siku moja tu! Ulipomtoa, yeye alisema nini? Au naye hakuulizwa? Maji ya moto mmeyatumia tangu ajali, na mabega ni yale yale. Mrudishe. Nisipopata jibu kufika mwisho wa Aprili, naacha kazi, napanda basi, nampeleka mwenyewe.

Nakupenda, ndiyo maana nafoka.

Chiriku

20 Aprili

Usipande basi! Kaa chini kwanza, ndipo usome.

Sisi wazima, salamu ndizo hizo, nyingine nitakupa mwishoni.

Barua yako ya meno ilikuta mambo yameshageuka. Ilifika siku ya ukumbi, nikatoka chumbani na kumkuta baba yako mlangoni, viatu miguuni, anatazama barabarani. Akaniambia, "Dada, tunachelewa." Basi nilitafuta mtandio wangu huku naona haya. Njiani akaniambia kumbe pale ukutani alikuwa akihesabu ngoma kwa kidole cha mguu, ndani ya kiatu, nami dirishani naangalia mikono tu.

Nilipokaa kwenye benchi langu, mwalimu akaja. "Mama, hilo ni la viatu. Watu wanaingia ndani." Nikamwambia nina magoti. Akasema hata wao wanayo. Kwa hiyo Shangazi yako anacheza, na ole wako umwambie mtu.

Sasa sikiliza ya Alhamisi iliyopita. Mwalimu alisema leo tutembee tu, kila mtu aendako, tusifuatane. Mwanzo polepole, kisha akaongeza ngoma, nasi tukaongeza miguu. Ukumbi ukawa vurugu, watu wanapishana, wanagongana mabega, wanacheka. Baba yako alikuwa katikati, anazungukwa. Mama wa mapacha alikuwa anakuja mbio amefumba macho kama kawaida yake, na karani anarudi kinyumenyume. Mimi nikafungua mdomo nipige kelele.

Mkono ulikuwa juu, Chiriku. Umenyooka, kiganja wazi, ule ule wa koridoni.

Tukasimama. Wote. Mama wa mapacha alisikia miguu yetu imetulia, akafumbua macho, pua yake karibu na mgongo wa karani, akasimama. Mwalimu naye alisimama, ngoma tu ndiyo iliendelea. Baba yako akatuangalia mmoja mmoja kama haamini.

"Mmesimama," akasema.

"Tumesimama, Afande," karani akamjibu.

Hapo alilia. Alilia kwa sauti, mkono bado uko juu, na hakuna aliyesogea wala kumwambia nyamaza. Kisha ule wa kushoto ukaanza kupanda kidogo kidogo, akatupungia tupite. Mama wa mapacha kwanza. Karani. Mimi alinisimamisha mpaka mwisho, makusudi kabisa, nalalamikia magoti, naye analia na kucheka. Tulicheza magari mpaka tukaloa jasho.

Njiani alisema, "Yule mzee nilimwambia apite, Dada." Nikamwambia, ulimwambia apite kwa sababu lori ulishalisimamisha; ni breki zilizokosa. Akasema anajua, ameambiwa na kila mtu. "Ila mikono ilikuwa haijaambiwa."

Wa kushoto bado unaishia sikioni. Wa kulia jana umetoa sufuria juu ya kabati. Nimelala usingizi wa mtoto mchanga. Marahaba, na nisamehe.

Shangazi yako anayecheza

8 Mei

Shikamoo Shangazi wangu,

Nimeisoma barua wakati wa mapumziko na nimelia mpaka msimamizi akaniuliza kulikoni. Nikamwambia ni vitunguu. Kiwanda cha mikate, Shangazi, vitunguu vitoke wapi? Hata yeye alicheka.

Ruhusa ya Agosti imekubaliwa. Nafika tarehe tisa, basi la mchana. Miaka miwili hatujaonana, naogopa tutapishana stendi tusijuane. Mwambie Baba aniandikie, hata mstari mmoja, nione mwandiko wake.

Chiriku

2 Julai

Binti yangu,

Mimi sijambo. Shangazi yako hajambo na amesimama nyuma yangu anasoma, kwa hiyo mengine nitakueleza ukifika.

Nilikwenda nyumbani kwa yule mzee. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Mjane wake alinipa kiti, tukakaa muda mrefu, na wakati wa kuondoka akanisindikiza hadi ng'ambo ya barabara. Usiku ule nilipumua.

Njia panda wamemweka kijana, anafanya kazi safi. Sijaitamani bado, nami sijilazimishi. Alhamisi naenda ukumbini. Wa kushoto umepita sikio. Shangazi yako ameshona tena mabega ya mashati yangu, vifungo amevitia kwenye kopo, na amenikataza kuvigusa, anasema ni vyake.

Kuhusu stendi usiwe na wasiwasi. Siku hiyo watu watakuwa wengi na wote watakuwa wanasukumana. Usihangaike kutazama nyuso. Ukishuka kwenye basi, tazama juu ya vichwa vyao. Mkono utakaouona umeinuka ni wangu, na sitaushusha mpaka unifikie.

Baba yako