Jiwe la Nyuma

Elirehema mwanangu, kifungua mimba wangu,

Huu ni mwezi wa tatu simu yako haipatikani. Nimemwomba mdogo wako wa kike aisambaze barua hii kwenye makundi ya simu mpaka ikufikie ulipo. Maneno ni yangu, yeye ameniwekea nukta tu. Wengine wakiisoma, wasome. Kujificha kumetosha.

Unaikumbuka ile mashine ya kusaga ya marehemu baba yako? Lori lilikwama kwenye tope la masika hapa Sombetini, wakaishusha barabarani wakaenda zao. Wanaume sita walishindwa kuinyanyua. Wewe, darasa la sita, ulikata migomba ukailaza njiani, ukafunga kamba kwenye mgrevilea, mkawa mnaivuta inateleza. Kila ikisogea kidogo ulikimbia kuweka jiwe nyuma yake. Nikakuuliza mbona unatupotezea muda na mawe. Ukasema, "Mama, kitu kizito kikirudi nyuma hakikumbuki nani alikivuta."

Siku ile nilijua nimezaa fundi. Nimewaambia watu mpaka wamechoka, na bado nasema.

Basi ulipopata kazi kwenye chelezo, pale meli zinapopandishwa nchi kavu zitengenezwe, huko ziwani, nilitembea kifua mbele. Uliponieleza nilielewa upesi, maana nilishaona kwa migomba: meli inakaa juu ya kitanda cha chuma chenye magurudumu, kitanda kiko kwenye reli, winchi inavuta waya, meli inapanda nchi kavu ikichuruzika maji kama ng'ombe aliyetoka joshoni. Na breki ya winchi iko mkononi mwako. Mwanangu mimi.

Mama Naomi wa jumuiya yetu hakuamini. Alisema Arusha hatuna hata bwawa la maana, huyo wangu labda anavuta mitumbwi. Wakacheka wote, na chai yangu wanakunywa. Nikachukua simu, nikaweka spika. Nilijua mko kazini, asubuhi uliniambia mnapandisha meli. Nilipiga kwa sababu hiyo hiyo, wasikie winchi ikinguruma.

Ukapokea, maana nilikufundisha simu ya mama haiachwi ikalia. "Shikamoo mama, nipo kwenye winchi."

"Wasalimie mama zako hapa," nikasema.

Ukawasalimia mmoja mmoja, na mimi nawatazama usoni. Halafu nikasikia chuma kikilia, watu wakipiga kelele, simu ikakatika.

Mwenzako Bahati ndiye aliyenieleza, akiwa hospitalini. Yeye ndiye alikuwa anaweka kabari nyuma ya magurudumu. Mtoa ishara alinyoosha mkono usimamishe, hukuona. Waya ukakatika ukampiga mguu, meli ikarudi majini. Ule mguu haupo tena. Akaniambia uliwaambia wakubwa kwamba umezembea tu, simu hukuitaja. Kesho yake ukaondoka, nguo zako umeziacha kambini. Nilimwuliza kama ana kinyongo. Akasema, "Mwambie aje anione, mama. Mengine tutaongea."

Eli, nakungoja tu. Bodaboda ikisimama getini natoka mbio, kumbe ni abiria wa jirani. Nimeuliza polisi, nimeuliza mpaka mochwari, huku naomba nikukose.

Jumapili nilisimama mbele ya jumuiya nikasema ni mimi. Mama Naomi alilia kuliko mimi. Nimempigia pia mkubwa wako wa kazi, nimemwambia ile simu ilikuwa yangu, na majivuno yalikuwa yangu. Hakunijibu vizuri, lakini alisema maelezo yangu ameyaandika.

Mimi sipigi tena. Piga wewe, hata usiseme neno, nisikie tu unapumua. Hapo ulipofika usirudi nyuma zaidi, baba yangu. Jiwe nimeshaliweka.

Ni mimi mama yako, niliyekuvuta bila kutazama nyuma.