Batiki Niliyompa Bibi Harusi

Kaka Sarji, nimeaibika! Mbele ya mtaa mzima!

Ile batiki yangu, niliyoianza baada ya ufinyanzi na kuchonga kunishinda, leo nimemtunza nayo binti wa mwenyekiti wetu wa mtaa harusini. Jirani yetu Bi Tukinem akaikunjua, akapiga ukelele: "We mzee, unampa bibi harusi nguo ya kufunikia maiti?"

Ya maiti, Kaka! Bibi harusi akaangua kilio.

Wa kulaumiwa ni mwenyekiti. Si yeye aliyetusukumia sisi wazee darasa la sanaa, eti "choreni kilicho moyoni"? Na mwalimu wa darasa aliliona pambo lile, hakunionya.

Mimi nilidhani nimebuni pambo jipya. Kumbe ndilo la kitambaa tulichomfunika nacho marehemu mke wangu Lasmi.

Wamenirudishia. Kesho natamani kuyeyusha tena nta ya kuchorea batiki, lakini mkono huu nitauamini vipi?