Filamu Niliyoitafsiri Miaka Tisa Bila Kuielewa

Jumamosi, Makole. Upepo wa Julai umepiga toka alfajiri, vumbi limeingia mpaka kwenye bakuli la sukari, baridi ya kuvaa masweta mawili, na mimi tangu mchana nacheka kama niliyelishwa kitu.

Nimepata kazi!

Acha niandike tena nione inavyokaa. Nimepata kazi, jamani. Mimi Mama Pendo, DJ wa kibanda umiza, kwa Kiingereza changu hiki cha kuungaunga.

Ila kabla sijajisifu zaidi nina jambo la kuungama, na nyie wa Makole mnaosoma blogu hii mnisamehe kabisa kabla hamjafika chini. Miaka tisa nimetafsiri filamu kwenye kibanda cha video cha Mzee Rajabu. U-DJ wenyewe ni huu: nakaa pembeni ya televisheni na kipaza sauti, wazungu wanaongea, mimi nawaambia watu kwa Kiswahili wanachosema. Watu wamecheka, wamelia, wamenipa soda. Na Kiingereza nilikuwa sikijui.

Sikijui hata kidogo.

Nilikuwa na "yes", "no", "run" na "my God". Mengine yote nilisoma usoni. Mtu akikunja uso, nampa mama mkwe mkorofi. Akitabasamu peke yake, nampa mchumba Singida. Nilishika kile kipaza sauti siku DJ aliyekuwepo alipokaukiwa na sauti, nikidhani ni kwa siku hiyo tu, kumbe nimenogewa. Hata Mzee Rajabu hakujua, au alijua akanyamaza, maana kibanda kilikuwa kinajaa.

Mwaka huu nikaona tangazo. Studio mpya hapa mjini inayoingiza sauti za Kiswahili kwenye filamu na michezo ya jukwaani iliyorekodiwa inatafuta mtu mmoja, na mtu huyo lazima afanye mtihani wa Kiingereza cha filamu, maigizo na magazeti. Nililisoma lile tangazo mara tatu huku uso unaniwaka. Nilikuwa naitaka ile nafasi vibaya mno. Nilitaka angalau mara moja kabla sijazeeka nifungue mdomo mbele ya watu nikijua ninachokisema.

Basi nikaenda kwa Mwalimu Ndahani, mstaafu anayefundisha jioni kwenye ukumbi wa kanisa mtaa wa pili. Siku ya kwanza akaniambia maneno ya Kiingereza yameoana zamani, yana ndoa zao, na wewe uliyekuja jana huna ruhusa ya kuzivunja. Mwigizaji mkuu ana "leading role", habari ikivuma sana "makes the headlines", na onyesho la kwanza la mchezo ni "opening night". Nikauliza, na kama limeanza saa nane mchana? Mwalimu akanitazama juu ya miwani. "Mama Pendo, ni night. Andika."

Nikaandika. Nikabandika karatasi ukuta mzima wa jikoni. Nasonga ugali, "front page", ukurasa wa mbele, nageuza, "dress rehearsal", mazoezi ya mwisho ya mavazi, nageuza. Nikinunua maandazi yaliyofungwa kwenye gazeti la Kiingereza, nasoma gazeti kwanza, maandazi yanapoa. Kuna siku niliamka nasema "standing ovation", yaani watu wote wamesimama wanapiga makofi, na mume wangu akaniuliza kama naumwa.

Leo saa tatu asubuhi mtihani. Tulikuwa kumi na moja, wengine vijana wa chuo wenye Kiingereza cha kuteleza, wanachati huku wanasubiri. Mimi na kitenge changu nikakaa nyuma. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya kuoanisha maneno. Weee! Nilikuwa naona ukuta wa jikoni mbele yangu, nikajaza karatasi mpaka chini na muda ukabaki.

Sehemu ya pili ndipo kilipotaka kunuka. Msimamizi, dada mmoja mpole, akasema ataweka kipande cha filamu, hakina maandishi chini, tusikilize kimya na kuandika kwa Kiswahili kinachotokea. Akazima taa. Picha ikatokea ukutani.

Ilikuwa filamu yangu!

Nasema yangu kwa sababu hakuna filamu niliyoitafsiri mara nyingi kama hiyo. Kila sikukuu watu wa kibandani huiomba. Mwanamume mrefu anakaa mezani jikoni anasoma gazeti, mkewe anaingia na koti la mvua, anamnyang'anya gazeti, wanagombana, mwanamke anabeba begi na kuondoka. Miaka tisa nimewaambia watu yule mwanamume ni dalali wa mahindi Kibaigwa, gazetini anatafuta bei, na mkewe amegundua ana mke mwingine Bahi. Nimeliza nusu ya Makole na huyo mke wa Bahi.

Sasa yule mama akaingia na koti lake, akafungua mdomo, na mimi nikamsikia.

Jamani, nilimsikia! Akasema "rehearsal". Akasema "opening night". Akasema "leading role", kwa sauti inayotetemeka, maneno yale yale ya ukuta wangu, yanatoka mdomoni mwa mtu mwenye uchungu. Yeye ni mwigizaji wa jukwaani. Mumewe ni mhakiki wa gazeti. Ameenda kwenye onyesho la kwanza la mke wake mwenyewe, kisha akarudi nyumbani akamponda gazetini, na mke amelisoma mbele ya wenzake wote kwenye mazoezi ya kesho yake. Hakuna mahindi. Hakuna Bahi. Hakuna mke mwingine.

Na hapo nikafanya kosa ambalo DJ wa kibanda tu ndiye anaweza kulifanya. Nikaanza kutafsiri kwa sauti.

Wala sikujijua. Mkono umeshika kalamu mbele ya mdomo kama kipaza sauti, natoa sauti ya mwanamke, naingia kwenye nzito ya mwanamume, ukumbi wa mtihani mzima unanisikia. "Ungeniambia hapa hapa jikoni nisingekasirika! Umeona bora uniambie pamoja na nchi nzima?" Vijana wa chuo wakaacha kuandika. Mmoja akacheka, mwingine akamwambia nyamaza tusikie. Msimamizi akagonga meza: dada, huu ni mtihani wa kimya. Nikaomba radhi, nikaziba mdomo kwa kiganja. Dakika haikuisha, nikasikia tena sauti yangu.

Taa zikawashwa. Nikaambiwa nichukue mkoba wangu, nimfuate msimamizi ofisini.

Nilitembea ule ukumbi nalia. Miezi minne ya ukuta wa jikoni naiharibu kwa mdomo wangu mwenyewe! Akilini nilimwona Mwalimu Ndahani akinisubiri kesho aniulize ilikuwaje, nikatamani nipitilize hadi stendi, nipande basi niende popote.

Ofisini alikuwepo mkuu wa studio, Bi Salma, mama wa makamo mwenye ushungi wa kijani. Nikaamkia, akaitikia, akanipa kiti.

"Hebu niambie dada, hii filamu unaijua?"

"Naijua, mama." Nikajirudi. "Hapana. Siijui. Ndiyo kwanza nimeijua leo."

Ningeweza kudanganya. Kudanganya ndiyo kazi niliyoizoea. Lakini nilikuwa nimechoka, na nikajiambia kama natimuliwa basi nitimuliwe nikiwa msafi. Nikamwambia yote: kibanda, miaka tisa, "yes" na "no", dalali wa Kibaigwa, mke wa Bahi. Nilipofika kwenye bei ya mahindi Bi Salma akaweka kichwa mezani. Nikajua analia kwa hasira. Kumbe mbavu hana kwa kicheko! Akainuka anafuta machozi kwa ncha ya ushungi, anamwita msimamizi aje naye asikie, nikarudia kutoka mwanzo.

Kisha akawa serious. Akachukua karatasi yangu ya kuoanisha maneno akaipitia taratibu, mstari kwa mstari. Akasema vijana wale wengi watapata alama kama zangu au zaidi, lakini Kiingereza anacho kila mtu ofisini hapo. Anachotafuta ni mtu ambaye mwigizaji akiumia, na Kiswahili chake kinaumia. Akasema ananichukua, ila kwa sharti moja, dada: hapa hakuna kutunga. Mimi nikasema hata nikitaka siwezi tena, maana sasa nasikia.

Miezi mitatu ya majaribio, naanza Jumatatu.

Nilitoka pale nikapiga kigelegele barabarani peke yangu, watu wa bodaboda wakaniuliza harusi ya nani. Lakini furaha yenyewe ikaanza kuniwasha. Nilikuwa nimeungama kwa Bi Salma, mtu nisiyemjua, wakati niliowadanganya wako kibandani. Saa kumi nikaenda kwa Mzee Rajabu, nikamwomba aweke filamu ile ile. Akauliza leo sikukuu gani. Nikamwambia yangu.

Kibanda kikajaa. Nikasimama na kipaza sauti nikawaambia ukweli wote, na kelele ikawa si ya kawaida. Wa nyuma wananizomea huku wanacheka, mmoja anadai arudishiwe machozi yake. Mama Tausi, muuza chipsi wa pale nje ambaye hajawahi kukosa filamu hiyo, alikuwa wa mwisho kukubali.

"Kwa hiyo yule wa Bahi?"

"Hayupo, shoga yangu. Sikumwona, nilimtunga."

"Na mimi nilivyomlaani yule baba miaka yote hii!" Akashika kiuno. "Haya weka, tumwone upya."

Nikaitafsiri kwa haki, neno kwa neno, na niliposhindwa neno nilisema hili sijalijua. Kabla ya ugomvi nikamwomba Mzee Rajabu asimamishe picha. Nikawaeleza atakachosema yule mama, yote, mpaka lile la jikoni. Kisha nikazima kipaza sauti nikakiweka chini.

Akaongea mwenyewe. Kibanda kizima kimya, mabati yanagongwagongwa na upepo, na yule mama anaongea kwa sauti yake nzito kidogo, yenye mkwaruzo, inayokatika katikati. Miaka tisa watu wangu walikuwa hawajaisikia hata mara moja, kwa sababu kila alipofungua mdomo nilikuwa wa kwanza kusema.

Mama Tausi akanishika mkono gizani. "Kumbe ana sauti," akasema.

Jumatatu nitafika kazini mapema, na kabla ya kitu kingine nitamuuliza Bi Salma swali ambalo halikuwemo kwenye mtihani. Mtafsiri anajuaje pa kunyamaza?