Mtumiaji 27

Jumatatu, 3 Februari 2025
Nimeanza kazi mpya. Ofisi iko Hurlingham, orofa ya tatu, chini kuna duka la dawa. Dkt. Nyakio anatafiti vyumba vya gumzo vya zamani vya intaneti – watu wa Nairobi walijifanya akina nani humo, na kwa nini. Aliyeendesha chumba kiitwacho Sebuleni alihifadhi kila kitu tangu 2005, na amemkabidhi Daktari faili zote. Majina yameondolewa, kila mtu ana nambari. Mimi na Quincy tunasoma faili zile zile, kila mtu kivyake, tunajaza safu: umri, jinsia, kazi. Tukitofautiana, tunajitetea mbele ya Daktari.

Sikumwambia kwamba nilikuwa Sebuleni. Nani hakuwa! Labda Quincy – alikuwa nasari.

Jumanne, 4 Februari
Nimejikuta. Mtumiaji 27. Joash, miaka thelathini na minne, sovea wa ardhi, amefiwa na mke.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nakaa mapokezi kwa wakili mmoja katikati ya jiji. Saa ya lunch nilikimbilia saiba, kwenye intaneti ya kulipia. Mwanzoni niliingia kama msichana. Wote waliuliza niko wapi na nimevaa nini. Nikatoka, nikarudi mwanamume. Wakaanza kuniuliza maoni. Raha iliyoje!

Mke wa Joash hakuwahi kuwepo. Aliyekufa ni mama yangu. Mimi ndiye kifungua mimba, kwa hivyo matangani nilipika, nikapokea wageni, sikulia. Joash alilia miezi minane.

Nimesoma kurasa arobaini bila neno, kama faili ya mtu baki. Kisha nikafika anaposema bado anazikunja leso za marehemu kila Jumamosi. Nikaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Alhamisi, 6 Februari
Daktari anampenda 27. Kwake huyo ni ushahidi kwamba mwanamume wa Nairobi hulia akipata mahali pa kujificha. Hotuba yake ya mkutano wa Aprili imesimama juu ya mtu huyo mmoja. Leo ametusomea kile kipande kuhusu leso.

"Huyu mzae alikuwa real kabisa," Quincy akasema.

Safu ya jinsia nimeiacha tupu.

Ijumaa, 7 Februari
Nimejaza: Mwanamke. Quincy amejaza Mwanamume. Tukaitwa.

Daktari akauliza nimeona nini ambacho wao hawajaona. Nikasema ni zile leso – anajua kila moja ilinunuliwa lini, na inakunjwaje.

"Aki Philister, hiyo ni stereotype. Hata mimi hukunja nguo zangu."

Daktari akamuunga mkono. Kwa haki, kijana ana hoja. Ushahidi mwingine ninao, nimeukalia. Nikiutoa, hotuba inaanguka, na mimi nitakuwa mfanyakazi aliyejisomea faili yake mwenyewe akanyamaza. Nisipoutoa, machozi niliyomlilia mama yataenda mkutanoni kama ya mume wa mtu. Hilo linaniuma kuliko nilivyotarajia.

Uamuzi: 27 aandikiwe barua pepe, aje ahojiwe. Anwani yake ya zamani ipo kwa aliyeendesha chumba. Niandike mimi – eti nina lugha ya heshima. Nikaandika. Ni barua nzuri, ningekuwa yeye ningekubali.

Jumatatu, 10 Februari
Anwani ile sikuiacha miaka yote hii. Naifungua mara chache kwa mwaka isije ikafungwa, kisha natoka. Sijawahi kujiuliza kwa nini.

Jana baada ya kanisa niliifungua nikajibu: "Nitakuja Alhamisi, saa nne asubuhi. Joash." Vidole havikusita. Sentensi zake ni fupi kuliko zangu na hazina samahani hata moja.

Daktari amepiga makofi! Amemtuma Quincy akatafute kiti kizuri.

Jumatano, 12 Februari
Nimeirudia ile safu. Mwanamke. Si uongo. Lakini saa ile moja kila mchana nilikuwa Joash, na mwaka ule wote sikumbuki saa nyingine. Hakuna safu ya jambo hilo. Nimetembea kwa mguu hadi mtaa wa Jamhuri nikijaribu kuliweka katika sentensi moja ya kumwambia Daktari. Sijaipata.

Alhamisi, 13 Februari
Saa nne na dakika kumi. Naandika daftari likiwa gotini. Chai iko kwenye thamosi, mandazi yamefunikwa. Daktari amevaa koti ambalo sijaliona. Mwanamume mwenye tai amepanda ngazi – Daktari akasimama, tabasamu tayari – kumbe anatafuta daktari wa meno, orofa ya juu. Nimemwonea Daktari huruma. Sikudhani ningemwonea.

Saa nne na robo. Daktari ameniuliza ninaonaje, ama mgeni wetu ameogopa?

"Ameogopa, Daktari. Lakini amekuja."

"Ako wapi? Si umwambie apande!"

Daktari yuko dirishani, anatazama geti. Nimevuta kiti kilicho mbele ya kinasa sauti, nimekaa.

"Philister, hiyo ni kiti ya mgeni," Quincy ananinong'oneza.

Nimemwambia najua, awashe. Amewasha. Taa nyekundu hiyo hapo, na Daktari bado anatazama geti –